Dawa si Mgao: Alhamisi za Mama Emerensiana

Mimi Kastori, zamu, yaani mlinzi, wa lango la kituo chetu cha afya hapa Nyamugari, Gitega, nina miaka sabini na miwili. Nimezika wake wawili, nimeona vita vikiisha, kambi mbili za wakimbizi Tanzania zikifungwa na wakuu wa kituo wanne wakihamishwa. Mimi niko palepale. Mama Emerensiana, muuguzi, anastaafu tarehe 30 Juni 2023 baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mkuu wa kituo ameniambia, "Mzee, andika kitu cha kufurahisha, ukisome siku ya kumuaga." Nimeishia darasa la pili, lakini kuandika nawashinda wenye diploma. Hilo la kufurahisha ndilo sijui.

Alianzia Muyinga. Mwaka 2009, malori yalipoturudisha kutoka Tanzania, yeye ndiye alitupokea na kutupima. Nilikuwa naharisha damu mwaka wa sita. Kila nilikokwenda jibu lilikuwa moja: amacinya, kuhara damu kwa kawaida, meza dawa ya amiba. Nimemeza ndoo nzima! Emerensiana akampa Zaituni wa maabara kinyesi changu mara tatu. Amiba hakuna. Akasema, "Mdudu gani huyu anaishi miaka sita ndani ya dawa yake?" Akanisukuma mpaka Bujumbura, wakanitia kamera kwa nyuma. Wengine waliikimbia. Mimi nililala kama mfalme.

Wakakuta vidonda utumbo mpana wote. Mwili wenyewe unaupiga utumbo wake. Ugonjwa huu hauishi, unatulizwa. Emerensiana alinieleza vizuri kuliko madaktari: kwanza upimwe kifua kikuu, maana dawa kali ya kutuliza inaweza kukiamsha. Kisha unapewa hiyo dawa kali, inapunguzwa wiki kwa wiki, haikatwi ghafla. Halafu vidonge vya kulinda, kila siku, hata ukijisikia kijana.

Bon, nikajisikia kijana. Na Urbano, tuliyelala naye blanketi moja kambini, alikuwa anaharisha damu kama mimi. Kambini mgao wa chakula ukipungua mnakata nusu kwa nusu, hakuna anayeuliza. Nikamkatia vidonge vyangu. Miezi miwili, tuko chini wote. Emerensiana alikuja kwa baiskeli, amevimba kwa hasira: "We Kastori! Dawa si mgao! Nani alikwambia ukate? Mulikuwa wagonjwa wawili, sasa iko maiti mbili zinapumua!" Urbano akacheka kwa shida, akamwambia, "Mama, basi zika moja, nyingine iko na njaa." Emerensiana hakumfukuza. Alimpitisha njia ileile niliyopita mimi, akapata dozi yake kamili.

Mama alipohamishiwa hapa Gitega mwaka 2011, mimi na Urbano tulimfuata, naye akaanzisha Alhamisi ya wagonjwa wa utumbo. Anapima uzito, anatazama damu, anadai pakiti tupu. Ukisema umemeza na pakiti huna, umekwisha. Leo tuko kumi na mmoja.

Sasa mnisikilize, ninyi wakubwa wa kituo. Mwaka 2016 mlimtoa miezi minne akafanye chanjo, Alhamisi ikafungwa. Urbano damu ilikuwa imemrudia, yuko kwenye dawa kali. Akapanga foleni kama kila mtu, akapewa vidonge vya amiba, ile dawa kali ikakatwa siku moja. Alikufa kabla Emerensiana hajarudi. Nilimbeba mimi.

Na juzi nimesoma tangazo: Alhamisi inakwisha na kustaafu kwake, muuguzi mwenzake Josefina anakwenda chanjo. Josefina huyu huyu aliyefundishwa na Emerensiana miaka sita! Emerensiana aliomba kitu kimoja tu mkutanoni, Josefina abaki. Mkapiga makofi, mkafungua fanta. Mmemnunulia saa ya ukutani. Nani aliomba saa?

Mama Emerensiana, asante. Umetuweka hai, na mimi ni mgumu kuweka hai. Nenda kwako Mutoyi, ulime maharage yako, ulale mpaka uchoke kulala, asikugongee mtu. Sisi Alhamisi ijayo tunakuja wote kumi na mmoja, tunakaa mbele ya mlango wa Josefina. Lango nafungua mimi.

Anayeona naongeza chumvi amwulize Zaituni kule Muyinga, vitabu vya maabara anavyo. Amwulize Josefina. Akiwa na ujasiri, amwulize Efrazia, mjane wa Urbano. Nimemwekea kiti safu ya mbele, karibu na mkuu.