Fundi wa Simu na Mji wa Watu Wasiokufa

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kitengela na nyote mliofika, mimi ni Wanjala, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee jinsi kaka yetu alivyoishi.

Joash Wangila alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 huko Kimilili, akasoma hapo hapo nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1971, na mwaka wa 1974 akahitimu Nairobi kuwa fundi wa simu, kazi iliyomleta Kajiado mwezi Februari 1979, akapanda nguzo kutoka huko mpaka Namanga kwa miaka ishirini na moja, na alipenda kusema twiga wa njia hiyo walimjua kwa jina.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Dolphine Nakhumicha, wakajaliwa Melvin, Whitney na Evalyne, na mwaka wa 1991 wakahamia hapa Kitengela. Evalyne aliugua surua, akatuacha tarehe 3 Mei 1993, akiwa na miaka minne.

Mwaka uliofuata kaka alianza kuandika kitabu kwenye madaftari, juu ya Kitengela ya mwaka wa 2900, ambako mashine ndogo kuliko chembe ya mchanga zinatembea ndani ya damu zikitengeneza kila kilichoharibika, hakuna mtu anayekufa, na rubani wa chombo kinachokwenda kwenye nyota ni mwanamke wa miaka mia tisa na kumi na moja anayeitwa Evalyne. Alipomsomea mkewe, shemeji alilia, akamwambia, "Baba Melvin, mtoto amelala, mwache alale," na kaka hakubishana, akayapeleka madaftari kazini.

Huko alimsomea rafiki yake, mzee Kuntai, ambaye alimuuliza, "Sasa kama hakuna mtu anakufa, ng'ombe zangu atarithi nani?" Swali hilo lilimsumbua mwezi mzima, mpaka akaandika sura nzima ya vijana wa miaka mia tatu ambao bado wanawaomba baba zao boma.

Halafu siku moja ya Desemba 1998, akichagua maharagwe, shemeji aliuliza mwenyewe, "Huko kwako, Evalyne ameolewa?" Kaka akajibu, "Bado, lakini kuna daktari mmoja anamsumbua." Shemeji akacheka, akataka kujua huyo daktari ni wa kwa nani na ako na tabia gani, na tangu siku hiyo waliandika pamoja, hadi madaftari yakafika kumi na saba.

Kaka aliacha kazi mwaka wa 2000. Machi 2005 figo zilikataa kufanya kazi, akawa anakwenda Nairobi mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, akiwatania wauguzi kwamba mashine yao ni kubwa mno. Januari mwaka huu shemeji alimuuliza mbona wao wawili hawamo kitabuni, akasema, "Mimi na wewe tulipata wakati wetu, Mama Melvin. Nilitaka yeye ndiye apate." Alifariki tarehe 11 Februari 2006, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na mizaha yake, majirani mliopika na kukesha nasi wiki hii, mzee Kuntai aliyeleta maziwa kila asubuhi, na mafundi wenzake waliokuja na ngazi wakavuta taa hapa uwanjani bila kuombwa. Kesho alfajiri tunaondoka naye kwenda Kimilili.

Kaka Joash, nimesoma yote waliyonituma nisome. Sasa pumzika kwa amani, ndugu yangu.