Boti Iliyonyamaza Katikati ya Mto

Haya, nimesimama. Msinihurumie magoti, yanalia hivi tangu zamani na bado yananifikisha ninakokwenda. Mwenyekiti ameniambia nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, ila nisitaje jina la mtu. Ndugu zangu, huo ni mtihani! Mimi sikusoma, darasa la pili nililikimbia, lakini majina sisahau: la mtu, la baba yake, hata la ng'ombe wao. Leo nitayameza. Mkisikia nakohoa, jueni hapo palikuwa na jina.

Mnaikumbuka mvua ya mwaka wa tisini na saba. Mto haukufurika tu, ulihama ukaja kukaa nasi. Mimi nilikuwa na kinu cha kusagia mahindi alichoniachia marehemu mume wangu, na injini yake ya dizeli, ile ikiunguruma huku unaisikia mpaka ng'ambo. Nyumba ya kinu ilianguka mchana kweupe, tunaitazama. Wanaume wakaivuta injini na kinu kwa kamba, tukahamia kwenye mwinuko karibu na Garsen, chini ya maturubai.

Chakula cha msaada kikaja: mahindi makavu, mazima! Na mimi mwenye kinu nimekalia injini yangu kwenye matope, nachemsha mahindi tangu asubuhi na jioni bado yanagonga meno kama kokoto. Hapo ndipo nilipoanguka. Maji hayakuniangusha. Kilichoniangusha ni kwamba sina kazi, na mtu mzima akikosa kazi, watu huanza kumsemesha kama mtoto mchanga. "Umekula, bibi? Umelala vizuri?" Jamani, hata meno yangu waliulizia!

Akaja mwanangu wa Mombasa. (Nakohoa.) Alifika matope mpaka magotini, viatu amevibeba mkononi.

"Mama, basi," akasema. "Maji yakipungua nakuja na lori. Injini tunaiuza chuma chakavu, wewe unakuja kwangu kupumzika."

"Kupumzika na nini? Nimechoka wapi?"

"Ni ghorofa ya tatu, mama. Kuna upepo mzuri. Utakaa roshani uangalie magari."

"Nikishayaangalia?"

Nampenda mwanangu, lakini nilijiona kule juu nimewekwa kama kopo la maua, namwagiliwa asubuhi na jioni. Alipoondoka nikalia. Walioniuliza niliwaambia ni moshi.

Sasa kuna mtoto wa kaka yangu, fundi wa redio na malori. Mnamjua, mnampelekea redio na hamzifuati. Alikuja akaizunguka ile injini, halafu akaenda kuizunguka boti kubwa ya mbao tuliyokuwa tukibebea maembe.

"Shangazi, tuweke injini ndani ya boti. Kinu pia."

"Nisage nikiogelea?"

"Sikiliza. Barabara imekatika, dizeli ni ya kutafuta kwa tochi. Basi isifanye kazi moja. Boti ikifungwa ukingoni, injini inazungusha kinu, watu wanapata unga. Saa hiyohiyo inazungusha dainamo ya lori, inajaza betri. Betri zikishiba tunazima injini. Mota ya umeme inazungusha propela, tunavuka. Maji yakiwa makali, tunawasha dizeli isukume yenyewe."

Mota hiyo aliitoa kwenye kigari kilichokufa cha kuinulia mizigo bandarini. Nikamuuliza, "Yaani watu wakingoja unga wao, ndiyo safari inapikwa?"

"Ndivyo, shangazi."

"Na umeme na maji havigombani?"

"Vinagombana vikikutana. Nimevitenganisha."

Ndugu zangu, nawaambia, siku ya kwanza watu walijaa mpaka nikaringa. Wamesaga, wamekaa na mifuko yao ya unga, tumeondoka ukingoni kwa dizeli, kelele tele, kila mtu anafurahi. Katikati ya mto fundi akazima injini awashe mota. Kimyaaa.

Kumbe hakuna aliyewaeleza! Mtu wa mtoni akisikia injini imenyamaza katikati ya maji, anajua kitu kimoja tu. Mama mmoja, na yuko hapa, usijifiche na kanga, alimkabidhi jirani yake kuku: "Nilelee huyu." Yule jirani akamwambia, "Nimlelee wapi, nasi tuko boti moja?" Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo wa mazishi, na aliuanzia juu mno, ikabidi aurudie. Mwanamume mwingine akaruka. Maji yakamfika kiunoni. Akasimama pale kwenye fungu la mchanga, unga wake kichwani, anatutazama tukimpita polepole bila sauti yoyote.

"Inatembea!" akapiga kelele. "Imekufa na inatembea!"

Basi likawa hilo. Jioni yake kijiji kizima kinajua kwamba boti ya bibi inasukumwa na jini. Wengine wakasema jini analipwa kwa unga, ndiyo maana gunia linarudi pungufu. Fundi alieleza betri mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia, "Betri ni ya redio. Redio husema. Hii mbona haisemi?" Hakuna aliyepanda, na hakuna aliyesaga. Boti ikabaki imefungwa, nami nikarudi kuchemsha kokoto zangu.

Maji yakapungua, mwanangu akaja kama alivyoahidi, na lori la kukodi kutoka Tarasaa. Nimekwisha kukunja mkeka, ndugu zangu. Nimekwisha kuaga. Ndipo akatokea mzee mmoja mfugaji, fimbo begani, kikoi kimelowa.

"Mama, ng'ombe yangu iko kule kisiwani," akasema. "Maji imezunguka. Majani imekwisha. Boti ya msaada imekuja mara nyingi, inapiga kelele, ng'ombe inakimbia nyuma. Nasikia wewe iko na boti haisemi."

"Wanasema ina jini, mzee."

"Jini yako inakula ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi twende."

Mwanangu akasema, "Mama, lori linangoja."

"Lingoje. Lina magurudumu manne, halitaanguka."

Akapanda nasi, na viatu vyake vya ofisi. Alidai anakuja kuilinda injini.

Tulikwenda kwa dizeli, betri zinashiba njiani. Mbali na kisiwa fundi akazima, tukasogea kwa mota, tukageuza boti. Mzee akasimama nyuma ya boti akaanza kuwaita ng'ombe wake kwa wimbo wao, mmoja mmoja kwa jina. Hapo nikaelewa. Ng'ombe hawaifuati boti, wanaifuata sauti ya mwenyewe, na ile injini ya msaada ilikuwa inaimeza sauti yenyewe! Ng'ombe jike mkubwa akainua kichwa, akaingia majini. Tukamfunga kamba, mwanangu akapewa aishike. Wengine wakamfuata, ndama katikati, pembe zimejaa mtoni.

Katikati, mkondo ukatuvuta. Mota ikaanza kulegea, betri zinachoka.

"Shangazi, niwashe dizeli?"

Mzee akageuka. "Ikipiga kelele sasa, zote inarudi. Ndama inakufa."

Wote wakanitazama mimi. Ndugu zangu, tangu mafuriko hakuna aliyekuwa amenitazama kungoja nitasema nini.

"Usiwashe," nikasema. "Mwanangu, funga hiyo kamba, shika kasia."

"Mimi, mama?"

"Kwani nani mwingine amepumzika?"

Akapiga kasia, tai ya shingoni imemrukia mgongoni, yule ng'ombe anamkoromea sikioni, mimi upande wa pili napiga la kwangu. Mota ikasaidia kidogo, sisi kidogo, mzee anaita, hajakata sauti. Tukafika. Ng'ombe wote wakapanda ukingoni, ndama wote, mbele ya watu walewale wa jini.

Mwanangu alikaa chini akafungua viatu, akamwaga maji. Kisha akamwendea dereva: "Rudi tu. Leo hakuna mzigo."

Basi nawashukuru. Fundi, ambaye hakukasirika alipochekwa. Mzee wa ng'ombe, aliyewatuma watu wake wavuke nami mpaka wengine wakaona haya kubaki. Mama wa kuku, aliyekuwa wa kwanza kati yenu kurudi, ingawa kuku alimwacha nyumbani. Na mwanangu, aliyenirudishia mkeka wangu mwenyewe na kuutandika.

Ninalowaachia ni dogo. Ukimwona mwenzako amenyamaza, msiba umempata au mali imempotea, usikimbilie kumwimbia mazishi, wala usimpangie pa kuwekwa. Mwulize jambo. Mpe kamba ashike. Pengine anakwenda kwa nguvu aliyoiweka siku zake za kelele, na kama imepungua, kaa upande wa pili upige kasia.

Nimemaliza. Anayevuka jioni hii alete mahindi yake mapema, betri bado hazijala.