Maman Régine Kasoki, Aliyeandika Dawa kwa Maneno ya Nyumbani

Huyu tunayemrudisha udongoni leo, Maman Régine Kasoki, alizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 14 Machi 1956. Alisomea uuguzi hukohuko, akapata diploma mwaka 1977, na kwa zaidi ya miaka ishirini alizalisha akina mama wa mji ule.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na Papa Désiré, mwalimu. Vita viliwakimbiza, Novemba 2001 wakafika Brussels na watoto wawili, wakapanga nyumba mtaa wa Saint-Gilles. Diploma yake haikutambuliwa hapa. Alisafisha ofisi, kisha akahudumia wazee katika mtaa wa Auderghem.

Jambo linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe wazi. Januari 2005 Papa Désiré aliandikiwa dawa ya maumivu ya viungo, ya kumeza mara moja kwa juma. Karatasi yake ilijaa Kifaransa cha madaktari. Maman aliisoma mara mbili, hakuielewa, akaona haya kuuliza, yeye muuguzi. Mumewe akaimeza kila siku. Kinywa kikajaa vidonda, damu ikaishiwa nguvu, na tarehe 9 Februari akafariki.

Mwaka mzima ukapita. Kisha akaanza kuandika karatasi za dawa, sukari na presha, kwa Kiswahili cha nyumbani. Kila Jumamosi alizipeleka saluni moja ya Wakongo karibu na Porte de Namur, akampa mteja asome, halafu aeleze atakachofanya akifika kwake. Mteja akikosea, Maman alichana karatasi, akaandika upya. Daktari Florent, aliyekuwa akimtibu Maman, alipotafsiriwa moja alimwambia kwamba maandishi hayo ni ya kitoto.

“Docteur,” akajibu taratibu, “bwana yangu alikuwa mwalimu, na karatasi ilimuua.”

Tangu juma lile Florent alimletea karatasi zake za wagonjwa azirekebishe.

Agosti 2016 alipatikana na saratani ya kongosho. Alimwomba Florent asimzungushe kwa maneno. Akaambiwa haitapona, pengine atafika Noeli. Akamshukuru, akarudi nyumbani, akawaandikia watoto wake karatasi ya mwisho: “Nitalala sana. Sitataka kula, musinilazimishe. Pumzi itafanya kelele, lakini haitaniuma. Munishike mukono.”

Binti yake Mignonne aliisoma kwa sauti, akakwama katikati. Maman akadhani sentensi ni ngumu, akaomba kalamu.

“Maman, minaelewa,” Mignonne akasema. “Njo maana niko nalia.”

Alifariki nyumbani tarehe 3 Desemba 2016, saa nne asubuhi, watoto wakimshika mikono yote miwili.

Ameacha watoto wake Élisée na Mignonne, mjukuu Chloé, na dada yake Mauwa, Butembo. Mungu amlaze pema, karibu na Papa Désiré.