Kigingi cha Reli

Basi la kutoka Sotik lilikuwa nusu tupu. Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa Mama Bilhah, jirani yangu, akiongea na mwanamume ambaye walikuwa wamekutana tu humo ndani. Sikumsalimu. Nilikuwa na sababu yangu.

"Hata mimi nataka reli," Bilhah alisema. "Maziwa yetu yafike Kisumu haraka. Lakini wapimaji waliweka kigingi cha pale reli itapita kwa shamba la majani chai la jirani, halafu asubuhi nikakikuta nyuma ya jikoni yangu."

"Kigingi hakina miguu, mama," yule mgeni akasema. "Serikali inachora mstari, sisi tunausukumia mwenzetu."

Nikaangalia viganja vyangu, kana kwamba udongo wa usiku ule ulikuwa bado umevishika.

"Jirani yangu hawezi. Kimutai ni mzee wa kanisa. Ndiye aliniandikia barua ya kulalamika."

Barua hiyo niliiandika vizuri sana, kurasa mbili.

Akageuka kufungua dirisha, akaniona. "Si huyu hapa. Kimutai, mwambie vile nilikikuta."

Basi likasimama Kapkatet. Nikasema nimefika. Kwetu ni steji tatu mbele, na Bilhah anajua.