Papa Urbain na Mashine Iliyozimwa Katikati ya Wimbo

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Hubert, mdogo wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu, Papa Urbain, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa jambo moja, aliwahi kuwazimia mashine ya umeme kwenye matanga yenu.

Alizaliwa Moba tarehe 9 Februari 1957, akasoma shule ya msingi kwa mapadri hukohuko, kisha ufundi huko Kongolo, alikohitimu mwaka 1977, na mwaka 1979 akaajiriwa katika karakana ya bandari hapa Kalemie, akaitumikia hadi 2003. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Mama Martine, wakajaliwa watoto wawili, Wilfried, anayefanya kazi Kabimba, na Virginie.

Mwaka 2004 alinunua jenereta ndogo ya esansi, yaani petroli, hii inayonguruma nyuma yenu sasa, akaanza kuikodisha misibani kwa taa na vipaza sauti, na kila Jumamosi alifungua buji, ile plagi ya kuwashia injini, akaisugua, akaosha sponji ya kuchuja hewa kwa sabuni na kuianika kivulini, na mafuta ya injini aliyabadilisha hata pale sisi tulipoyaona bado mazuri. Kwenye matanga aliizima katikati ya wimbo, akaiacha ipoe, akapima mafuta, akaongeza esansi, ndipo akaiwasha tena, na wanakwaya walimnunia sana kwa hilo, wengine wamo humu na wanajijua. Mashine walizonunua majirani wakati ule zilikufa zamani.

Septemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na kila aliyemjulia hali alijibiwa kwa swali, « Na mafuta ya mashine, muliangalia? » Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kusikia kwamba akishazikwa tutaiuza, kwa kuwa Wilfried ana kazi yake, nasi wakubwa wa familia hatukuamini kwamba Virginie angeiweza. Alituacha asubuhi ya tarehe 2 Juni 2025, Mama Martine akiwa amemshika mkono, na uchungu wetu ni mkubwa.

Leo asubuhi Virginie alitwambia ataizima mashine kabla sijamaliza kusoma, tukamsihi kwa siku hii moja tu amwache baba yake asindikizwe bila kukatizwa, akakataa, akasema baba hakumpendelea marehemu yeyote. Tukatazamana, na habari ya kuuza ikaishia hapo, mashine ni ya Virginie.

Mnasikia kimya hiki, ameshaizima, basi mlio nyuma sogeeni, tuwashukuru kwa sauti ya kawaida, madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotupikia na kulala nasi, wenzake wa bandari mliombeba, na ninyi wanakwaya, mtaendelea ikishapoa.

Pumzika kwa amani, kaka. Mafuta tumeangalia.