Mlango Uliogongwa

Fundi cherehani alikuwa ameketi nyuma ya abiria wawili kwenye treni, gauni la mteja mapajani, masikio yote mbele. Mwanafunzi mmoja alikuwa anamwonyesha mzee asiyemjua michoro ya kazi yake ya chuo, dakika mbili za mwanzo wa filamu. "Saa inalia kitandani, mkono unaizima, msichana anapiga mswaki, halafu mlango unagongwa."

"Mswaki!" Mzee akasonya. "Nimechana tiketi mlangoni mwa sinema miaka thelathini, binti yangu. Mtu alipe ili aone mswaki? Si abaki kwake?"

"Lakini babu, nimechambua mwanzo wa filamu tisa. Zote zina saa inayolia."

"Na mwishoni zikoje?"

"Mwisho sijaangalia. Tumeulizwa mwanzo tu."

Fundi akauma mdomo asicheke. Msomi mzima, kashona kola tisa na shati hajawahi kuliona!

Treni ikasimama. Binti akakusanya karatasi zake, akashuka bila kuaga. Mzee akasonya tena, akatazama pembeni, kisha ghafla akatoa kichwa dirishani. "We binti! Aliyegonga mlango ni nani?"

"Hilo halina maksi, babu!"