Risala ya Mafundi wa Viti Kuhusu Tangazo la Mizani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Masoko wa kampuni ya gundi; wageni mliofuatana naye pamoja na wapiga picha; majirani zetu wa karakana ya vyuma; mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Sisi mafundi kumi na saba wa kikundi cha Kalia Kwanza tunakukaribisha katika karakana yetu. Tumefagia tangu asubuhi, lakini vumbi la mbao halina adabu, utaondoka nalo kwenye koti. Utuwie radhi.

Tumeambiwa umekuja kwa mambo mawili: kutukabidhi ngao ya shukrani kwa kushiriki kampeni yenu ya mtandaoni, na kuanza kurekodi sehemu ya pili ya kampeni hiyo. Tunaomba utusikilize kabla ya hilo la pili.

HISTORIA

Kikundi kilianza miaka ishirini na mbili iliyopita, mafundi wanne na msumeno mmoja. Tunatengeneza viti tu. Anayetaka kitanda au kabati tunamwelekeza kwa wengine.

Tuna desturi moja. Kiti hakitoki hapa kabla ya kukaliwa na mwenzetu tunayemwita Mizani. Tulimpa jina hilo kwa sababu ana kilo mia moja na kumi na nane, na hazifichi. Anakikalia kila kiti mara tatu. Mara ya kwanza anakaa taratibu kama mgeni. Mara ya pili anaegemea mpaka miguu ya mbele inainuka, kama wafanyavyo wanafunzi mwalimu akitoka. Mara ya tatu anajibwaga kama mtu aliyepigiwa simu ya habari mbaya. Kiti kikistahimili, anakigeuza, anaweka alama ya penseli kwa chini, na mama wa vanishi anakichukua.

Katika miaka kumi na tisa, kabla ya kamera kuja, viti kumi na moja vilivunjika chini yake. Ameanguka mbele yetu mara kumi na moja. Hakuna aliyecheka. Kiti kilichovunjika hapa hakitamuumiza mteja mgongo, kwa hiyo kwetu siku ya namna hiyo ni siku ambayo kazi imefanyika.

MAFANIKIO

Mwaka huu watu wako wa ubunifu walikuja hapa wakiongozwa na dada mmoja mwenye simu tatu. Alitueleza kwamba tangazo la redio na bango la barabarani havitoshi siku hizi. Watu wanataka kuona maisha halisi, klipu fupi isiyozidi sekunde kumi na tano, isiyofanana na tangazo. Tulimwelewa. Sisi wenyewe tukipumzika ndizo tunazotazama.

Klipu iliyotoka hapa imetazamwa mara milioni mbili na laki nne kwa wiki tatu. Watu wenye wafuasi wengi wameiigiza wakijiangusha kwenye makochi ya kwao. Imewekewa muziki. Imegeuzwa stika, mtu akifeli jambo anatumiwa. Kampuni yako imepewa tuzo ya kampeni bunifu, na tulikuona kwenye simu ukiipokea. Hongera.

Na sisi tumepata. Oda zimekuwa mara mbili ya mwaka jana. Hilo ni kweli na hatutalikana.

CHANGAMOTO

Siku ya kurekodi, dada wa ubunifu alileta kopo la gundi yenu, akaomba tuunganishe kiti nayo mbele ya kamera. Tukaunganisha, tukakibana kwa vibano kama kawaida. Gundi ile, kama yalivyo maelekezo kwenye kopo, inataka saa ishirini na nne. Baada ya saa tano akasema jua linaondoka, akaomba Mizani akikalie.

Mizani akasema, "Dada, hiki hakijaiva."

Dada akasema, "Baba, ni sekunde moja tu. Tutakata."

Hapo kosa ni letu. Mgeni akiomba jambo tunaona haya kumkatalia, na sisi wenyewe ndio tulioondoa vibano. Tukamwambia Mizani, kaa bwana, wageni wanataka kuondoka. Akakaa. Mnajua kilichotokea, dunia nzima inajua.

Alianguka kama alivyoanguka mara zile nyingine. Aliinuka, akajipangusa, akatazama kiungo kilichoachia, akasema, "Si niliwaambia?" Maneno hayo mliyakata. Kilichotoka ni miguu juu na shati limepanda, na chini yake maandishi: Wangetumia gundi yetu.

Mgeni rasmi, gundi ilikuwa yenu. Hatujalisema hili mahali popote mpaka leo, na hatulisemi kwa ubaya. Ikikauka ni gundi nzuri, tunaitumia.

Karatasi ya ruhusa mliyotuletea ilitiwa saini na Mwenyekiti kwa niaba ya wote. Hapa ndivyo tunavyopokea mbao: lori likija, mmoja anatia saini, wengine wanashusha. Hatukufikiri kwamba mwili wa mtu haupokelewi kama mbao. Mizani hakuulizwa, na waliotakiwa kumuuliza kwanza ni sisi.

Mama mkwe wake, ambaye hajawahi kumwona hata akiwa na kandambili, alitumiwa klipu ile na majirani. Mizani ameacha kwenda kwake. Wateja nao wanaingia hapa simu zikiwa zimewashwa. Juzi mmoja aliuliza, "Yuko wapi yule wa kuanguka? Nataka picha naye."

Mama wa vanishi akamjibu, "Kaka, hapa tunauza viti. Kuanguka ni bure, kaangukie kwenu."

Wiki ya pili baada ya klipu kutoka, Mizani alimfuata Mwenyekiti kwenye meza ya randa. Akamuuliza, "Nimeanguka humu mara kumi na moja. Mbona hamkucheka kama dunia inavyocheka sasa?"

"Tulikuwa kazini," Mwenyekiti akasema.

"Na siku ile mimi nilikuwa wapi?"

Mwenyekiti akarudia kupiga randa.

Tangu siku hiyo hajakalia kiti. Anakuja kazini kwa wakati, anaingia stoo, anapanga mbao zilizokwisha kupangwa. Chakula cha mchana anakula amesimama. Viti sitini na vinne vya shule moja vimerundikwa pale ukutani mnapoona, vimekamilika, havina alama ya penseli. Tumejaribu kuwakalisha mafundi wawili kwa pamoja, wakagombana nani akae mbele. Tumejaribu gunia la mchanga. Gunia linakaa vizuri, ila haliwezi kuegemea nyuma wala kukwambia kiungo gani kimelia. Shule inapiga simu kila Jumatatu. Watoto wanasomea chini.

MAOMBI

Tuliandaa maombi manne. Matatu tumeyafuta, kwa sababu mtu akiomba mengi hupewa lile dogo.

Tunaomba klipu ile iondolewe. Tunajua imekwisha kusambaa na hamuwezi kuingia kwenye simu ya kila mtu. Lakini kwenye kurasa zenu bado imebandikwa juu kabisa, na nyinyi ndio mnaoilipia iendelee kuonekana. Hiyo mnaweza kuiondoa leo, na dada wa ubunifu ameketi hapo na simu zake zote tatu.

Kuhusu sehemu ya pili, tumesoma mlichoandika: Mizani anaanguka tena, safari hii kwenye kiti cha dhahabu. Kikundi kimekataa. Safari hii tulikaa wote kumi na saba, na aliyeulizwa kwanza ni yeye. Alisema neno moja, na neno lenyewe ni hapana. Ngao yako tutaipokea kwa heshima ukikubali ombi hili. Usipokubali, tunaomba urudi nayo, na tutaendelea kununua gundi yenu kama wateja wengine.

Mgeni rasmi, Mizani yumo stoo, nyuma ya mlango huo wa bati. Hakutaka kukaa nje na kamera zikiwepo. Ameisikia risala hii tangu mwanzo. Hatutasogeza kipaza sauti wala kumwita. Tunachoomba ni kwamba jibu lako, lolote litakalokuwa, ulitoe kwa sauti inayofika pale.

Mungu akufikishe kwako salama, awabariki wanaofanya kazi kwa mikono na wanaofanya kazi kwa simu, na awape watoto wa ile shule mahali pa kukaa.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi wa Viti, Kalia Kwanza.
Imesomwa na Mwenyekiti.